Mvua Isiyolowesha Nguo

Kule Vila Amoreira, kwenye udongo mwekundu wa Paraná, kusini mwa Brazili, wapo waheshimiwa wanaokula mchana na usiku. Wakishiba wanalala, wakiamka wanadai chakula kingine, na hakuna anayethubutu kuwauliza wamefanya kazi gani. Msicheke, si viongozi wanaosemwa hapa. Ni viwavi wa hariri. Hariri ya Vila Amoreira imeshafika kwenye shingo za wanawake ambao hata kwenye televisheni wanaonekana kwa nadra, na mwenye kubisha apande basi aje aone mwenyewe, kahawa ipo.

Aliyewaita waheshimiwa ni Hatsue Morikubo. Hakulitunga jina hilo. Alilirithi kwa mama mkwe wake, marehemu Toyo, ambaye naye alilitoa kwa wazee wake huko milimani Japani, kabla hawajapanda meli ya kuja Brazili kulima kahawa ya watu. Kwa watu wa ukoo ule, kiwavi wa hariri hatajwi jina tupu kama funza wa kwenye embe. Anatajwa kwa adabu. Ukiingia bandani kwake unavua kofia, unainama, ndipo unampa majani. Toyo alikuwa akisema hawa ndio waliowalisha, kwa hiyo wao ndio wenye nyumba.

Hatsue mwenyewe Japani hakuwahi kuiona. Alizaliwa palepale, akaolewa palepale, na sasa alikuwa amepita sabini, mfupi, miguu yake imepinda kidogo kama mabano, kofia ya majani kichwani tangu jogoo awike hadi kuku walale. Mume alikwisha tangulia. Kilichobaki ni shamba la miforosadi, miti ambayo majani yake ndiyo chakula cha waheshimiwa, nyumba ya mbao, na lile banda refu la nguzo za mkaratusi ambamo waheshimiwa walilala kwenye vitanda vya ghorofa, safu juu ya safu, wengi kuliko wakazi wa mji mzima.

Banda lilikuwa na sheria, na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya usingizi. Kiwavi wa hariri hulala mara nne maishani mwake ili avue ngozi yake ya zamani. Anainua kichwa, anakakamaa kama mtu anayesali, halali kwa ubavu wala kwa mgongo. Akiwa hivyo usimlishe, usimguse, usimfungulie mlango upepo ukaingia. Toyo alikataza hata kuchungulia. Siku za usingizi zikikaribia, unasimama nje ya mlango, unafumba macho, unasikiliza. Maana wakila, wote kwa pamoja, taya zile ndogo kwenye majani yale mengi, sauti yake ni mvua. Si kama mvua kwa mbali, ni mvua hasa. Ikikatika, wamelala. Hapo unafunga kitambaa cheupe kwenye komeo, na hata mfalme akija anaambiwa asubiri.

Kwa miaka yote hiyo Hatsue aliliendesha banda kwa masikio. Watu walikuwa wakisema Dona Hatsue anasikia jani likidondoka.

Lakini masikio yakaanza kumsaliti.

Alianza kuwakosa ndege wa asubuhi. Akasema moyoni, labda wamehama. Kisha akakosa birika, likawa linachemka hadi linakauka. Akanunua birika jingine, kana kwamba kosa ni la birika. Watu walipozungumza naye akawa anatikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndiyo," na kwa ndiyo zake hizo akajikuta amekuwa mlezi wa kwaya ya parokia na mdhamini wa timu ya mpira ambayo haijawahi kufunga bao. Hakumwambia mtu. Hasa hakumwambia mwanawe Gilson.

Gilson alikuwa amerudi. Alikaa Toyohashi, Japani, miaka kumi na miwili, akibonyeza vyuma vya magari kwenye mashine inayopiga dum, dum, dum tangu unaingia hadi unatoka. Alirudi na gari, na mvi, na mke wake Lindaura aliyekwenda naye. Lindaura ni Mbrazili wa Bahia, pwani ya kaskazini, mweusi, mrefu, akicheka madirisha yanatikisika. Na hapa ndipo watu wa Vila Amoreira walipopigwa na butwaa: Mbahia yule alizungumza Kijapani vizuri kuliko mumewe Mmorikubo.

"Mama," alimwambia Hatsue siku ya kwanza, "Kijapani chako wewe ni cha mababu. Ningekisema hivyo dukani Toyohashi, wangenipeleka jumba la makumbusho."

"Na chako?" Hatsue akauliza, kwa bahati akiwa amemsikia, maana Lindaura hakujua kunong'ona.

"Changu cha kiwandani. Nusu yake matusi."

Walipatana hivyohivyo, kwa kuchokozana. Kilichowagombanisha ni mafuta ya nazi. Lindaura alipaka nywele zake mafuta ya nazi kila siku ya Mungu, na waheshimiwa hawavumilii harufu: si manukato, si sigara, si kitunguu. Hatsue akampiga marufuku kukanyaga bandani.

"Bila mafuta nywele hizi zitasimama kama mti wa Krismasi," alilalamika Lindaura.

"Simamisha, tutatundika taa," akajibu mama mkwe wake. "Lakini nje ya banda."

Lindaura naye alikuwa na mashtaka yake. "Na huyu mwanao, Mama, ulimlea vipi? Halali mpaka bomba la bafuni liachwe wazi linatiririka. Miaka kumi na miwili nalipa maji ya kumbembeleza mzee mzima."

Hatsue akatikisa kichwa. "Ndiyo, ndiyo."

Sasa tuje kwenye shauri lenyewe. Gilson hakurudi kufuga viwavi. Jirani yao Valdomiro, mwenye trekta na tumbo, alitaka kukodi shamba, ang'oe miforosadi yote na kupanda soya hadi ukingoni mwa kijito. Gilson aliona ni jambo la maana. Mama amezeeka, anabeba mizigo ya matawi mgongoni kama punda, kwa nini? Walibishana jikoni wiki nzima, Gilson akisema mengi na Hatsue akisikia nusu, hadi wakafikia makubaliano.

"Mkupuo huu mmoja wa viwavi, Mama. Ukienda sawa hadi vifukofuko vya hariri vipatikane, banda linabaki na sitalisema tena. Ukiharibika, Valdomiro anakuja na trekta."

Hiyo aliisikia yote. Akainama kukubali.

Waheshimiwa walifika wakiwa wadogo kama nyuzi, na kwa siku za mwanzo mambo yalikwenda. Hatsue aliwaona kwa macho, akawalisha kwa mikono, na mara tatu walipolala alibahatisha kwa kuhesabu siku. Shida ilikuwa inakuja, naye aliijua: usingizi wa nne, ule mkubwa, ambao ukikosewa wengine wanaamka leo na wengine kesho, na mkupuo mzima unakuwa shaghalabaghala. Siku hiyo ilipokaribia, alikwenda mlangoni alfajiri, akavua kofia, akainama, akafumba macho.

Kimya.

Angeweza kuchungulia. Mtu mwingine yeyote angechungulia. Lakini sauti ya Toyo ilikuwa bado kichwani mwake, na hiyo haikuhitaji masikio: anayelala hatazamwi. Basi akafunga kitambaa cheupe kwenye komeo, akarudi nyumbani kwa hatua za polepole, akamwambia Gilson kwa sauti iliyonyooka, "Wamelala. Leo hakuna kulisha."

"Tayari?" Gilson akauliza, kinywa kimejaa mkate.

"Ndiyo, ndiyo."

Asubuhi ile Lindaura alifua. Malori ya miwa yalikuwa yakipita barabarani na kutimua vumbi jekundu, na shuka zake zilikuwa zimechoka kugeuka rangi ya matofali. Akafunga kamba mpya huko nyuma, kati ya ukuta wa banda na mti wa mparachichi, mahali ambapo hakuwahi kusimama. Akatundika shuka, suruali za Gilson, na magauni yake yote mawili ya Jumapili. Hakuwa amemaliza kubana kibanio cha mwisho alipoisikia.

Mvua. Ya rasharasha kwanza, halafu ya kutulia, ile inayonyesha kwenye majani bila haraka kwa sababu imeamua kushinda. Lindaura hakutazama juu. Mwanamke mwenye nguo kambani hatazami juu, anaanua kwanza. Akavuta shuka, akavuta suruali, vibanio vikaruka kama panzi, akakumbatia lundo lote na kukimbia hadi barazani, ambako Hatsue alikuwa ameketi anakata bamia.

"Mama, mvua! Saidia hapa."

Hatsue alimsoma midomo na akatazama mbingu. Ilikuwa buluu tupu toka ukingo hadi ukingo, hata mwewe hakuwamo.

"Mvua ipi, mwanangu?"

"Ile kule nyuma. Inapiga majani, nimeisikia kwa masikio yangu..." Lindaura akageuka. Ua lilikuwa kavu. Kuku walikuwa wanaoga vumbi. Akazitazama nguo zake, akazishika, hazikuwa na hata tone. "Sasa hii ni nini? Nimerogwa? Mama, nakuapia, nyuma ya banda kunanyesha."

Kisu cha Hatsue kikasimama katikati ya bamia.

Mtu anaweza kukaa na jambo kifuani mwaka mzima, na bado siku linapomtokea mbele ya macho akalishangaa kama mgeni. Kule nyuma kulikuwa kunanyesha. Msichana aliyelelewa pwani ya Bahia, ambaye hajawahi kumtia kiwavi mmoja jani mdomoni, aliisikia kupitia ukutani hadi akaanua nguo. Na yeye alisimama mlangoni, uso karibu kugusa ubao, asisikie kitu. Waheshimiwa walikuwa macho, wanatafuna mabaki ya majani ya jana, na chakula chao cha alfajiri hawajapewa.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Angesema, "Umechoka, jua kali." Lindaura angecheka, mambo yangeisha, na waheshimiwa wangekaa na njaa hadi jioni. Kusema nako kulikuwa ni kumwita Valdomiro kwa mkono wake mwenyewe.

Akaweka kisu chini.

"Hiyo si mvua," akasema. "Hao ni wao. Mimi siwasikii tena."

Lindaura alibaki na lundo la nguo mikononi.  Akasema taratibu, akimtazama usoni ili amwone midomo, "Tangu lini, Mama?"

"Tangu kabla hamjarudi."

"Na zile ndiyo, ndiyo zote?"

"Zote."

"Kwa hiyo nilipokuuliza kama mimi ni mkwe mzuri, ukasema ndiyo..."

"Hiyo nilisikia," alisema Hatsue. "Twende. Funga kitambaa kichwani, kaza vizuri, mafuta yako yasitoke."

Hivyo ndivyo Hatsue Morikubo alivyovunja sheria mbili za Toyo kwa mkupuo mmoja. Alifungua kitambaa cheupe kilichokwisha fungwa, na akamwingiza bandani mtu anayenukia nazi. Mlangoni walivua vya kuvuliwa, wakainama. Lindaura aliinama kama alivyofundishwa kiwandani Toyohashi, mgongo ulionyooka, mikono mapajani, na Hatsue akamkazia macho kidogo, maana hakuwa na cha kukosoa.

Kisha Lindaura akainua kichwa.

Alitarajia funza. Aliona kitu cheupe kinachotembea mahali pamoja, kama maziwa yanayokaribia kuchemka, kitanda juu ya kitanda hadi mwisho wa banda palipokuwa na giza. Kila kichwa kilipanda na kushuka ukingoni mwa jani, juu chini, juu chini, na jani likawa linaliwa mbele ya macho yake kama barafu inayoyeyuka. Hapakuwa na mkubwa wao wala mwanzo wa kazi. Na ile mvua ilikuwa kila mahali, juu yake, chini yake, ikinyesha ndani ya nyumba isiyo na tone la maji.  Wanawake wa kwao hupafahamu mahali patakatifu wanapopaingia, hata kama hakuna aliyewatajia jina la mwenyewe. Alipiga ishara ya msalaba, kisha, ili asimkosee mtu, akainama tena.

"Wanasemaje?" Hatsue akauliza. Hakuwa anatania.

"Wanasema majani yamekwisha, Mama."

Walibeba matawi hadi mabega yakawaka. Kesho yake mchana Lindaura, sikio kwenye ubao wa mlango na kilemba kichwani, aliinua kidole. Mvua ilipungua. Ikawa matone. Ikakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kama pumzi iliyobanwa, hata yeye akashusha sauti.

"Imekatika."

Wakafunga kitambaa pamoja, mikono minne kwenye fundo moja.

Jioni ile mezani, wali, maharage na bamia vikiwa katikati, Hatsue alimweleza mwanawe. Hakuzunguka. Gilson alisikiliza, uma ukiwa hewani.

"Kumbe. Na mimi nilidhani unanipuuza."

"Wakati mwingine nilikupuuza pia," akasema mama yake.

Gilson hakucheka. "Basi ndiyo imekwisha, Mama. Banda linaendeshwa kwa masikio, na masikio hakuna. Jana umekosa alfajiri moja, kesho utakosa mkupuo. Valdomiro anakuja Jumamosi kupima shamba."

"Masikio hakuna?" Lindaura akadakia. "Hapa mezani nayaona sita. Mabovu ni mawili."

"Wewe hujui kazi hii."

"Na wewe uliyeijua ulikuwa wapi? Mvua ile niliisikia mimi."

"Tulisema mkupuo huu," Hatsue akasema, akimjazia mwanawe maharage kana kwamba wanazungumzia maharage. "Haujaisha. Jumamosi bado."

Waheshimiwa waliamka wote kwa siku moja, wakubwa, weupe, ngozi mpya ikiwapwaya, na njaa yao ilikuwa ile ya mwisho, ambayo baada yake hawatakula tena hadi kufa kwao. Wanawake wale wawili hawakujua tena mchana wala jioni. Kukata, kubeba, kutandaza, kurudi. Gilson aliwapita akiwa na gari lake, akatazama kando. Hakukataza. Hakusaidia.

Jumamosi Valdomiro akaja na trekta, akaiegesha chini ya mparachichi, tumbo likamfuata. Jua lilikuwa kali la kukausha ulimi. Gilson alikuwa ameegesha gari lake karibu na banda, kwenye kivuli, vioo vyote vinne vimeshushwa. Wanaume wale wawili wakasimama kando ya trekta, wanazungumza mipaka.

"Tutaanzia hapa," Valdomiro alisema. "Hili banda nalo linashuka. Nguzo zake nzuri, zitafaa uzio."

 Gilson alikuwa ametega sikio. Kisha ghafla akamwacha Valdomiro na neno mdomoni, akakimbia, mzee mzima na mvi zake, hadi kwenye gari, akapandisha kioo cha kwanza, akazunguka, akapandisha cha pili. Alipofika cha tatu alikoma.

"Umepatwa na nini, Gilson?" akaita Valdomiro. "Nyuki?"

Gilson alikuwa na mkono juu ya kioo, anatazama mbingu iliyokuwa buluu tupu. Na nyuma ya ukuta wa mbao, umbali wa kunyoosha mkono, kulikuwa kunanyesha mvua ya masika, mvua ya kubomoa madaraja.

Lindaura alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda na mzigo wa matawi, ameona yote. Alifungua mdomo amtanie, na utani upo, wa kumtosha hadi uzeeni. Ndipo akaona uso wa mumewe, akakumbuka bomba la bafuni la Toyohashi, likitiririka usiku baada ya usiku. Akafunga mdomo. Akashuka, akamshika mkono na kumwingiza ndani kama anavyoingizwa mtu kanisani.

"Nilikuwa nalala hapa," Gilson akasema, akionyesha sakafu chini ya kitanda cha kwanza. "Kwenye kapu. Bibi Toyo alikuwa ananilaza hapa waheshimiwa wakila." Baadaye kidogo akasema, "Nilisahau kabisa kwamba nilisahau."

Akavua kofia. Akainama mbele ya waheshimiwa kama alivyofundishwa utotoni.

Hatsue alikuwa ndani, mwisho wa banda, hakuwa amesikia lolote, wala gari, wala trekta, wala mwanawe. Alikuwa amemaliza kutandaza matawi na akageuka kuinama, kama anavyoinama baada ya kila mlo. Lakini mgongo ulikuwa umechoka, na alipoinama hakuweza kuinuka upesi, basi paji la uso likaegemea nguzo ya mkaratusi iliyobeba vitanda vyote. Akapumzika hapo, macho amefumba.

Nayo ikaja.

Haikupita masikioni. Ilipita kwenye mti. Ilishuka toka kitanda cha juu hadi cha chini, ikaingia mfupani, ikamjaa kichwa kizima. Ilikuwa ileile ya siku alipoingizwa humu akiwa bibi harusi, ileile iliyomlea Gilson, ileile waliyoiacha wazee milimani na kuikuta imewatangulia huku ng'ambo. Hakuthubutu kupumua. Taya zote zile zisizohesabika zilikuwa zikimnyeshea ndani ya fuvu.

Alipofumbua macho aliwaona wawili wamesimama, mwanawe kofia mkononi, mkwewe kilemba kimelegea.

Gilson alikuja karibu ili amwone midomo. "Namwambia Valdomiro arudi kwake, Mama."

"Ndiyo," akasema Hatsue. Mara moja tu. Kisha akamvuta mkwewe kwa mkono, akamwekea paji la uso kwenye nguzo, na yeye akarudisha lake upande wa pili. "Inanyesha."

"Inanyesha, Mama."

Nje trekta iliwaka, ikalalamika, ikaenda zake. Shuka zilikuwa kambani nyuma ya banda, nyeupe, zinapepea kwenye jua. Hakuna aliyekwenda kuzianua.